Mpango wa mazoezi ni nini, kwa anayefundisha watoto mpira

Mpango wa mazoezi ni maelezo mafupi ya siku moja uwanjani: leo watoto watajifunza nini, kwa zoezi gani, dakika ngapi, na mipira mingapi. Nusu ukurasa wa daftari unatosha. Kiini chake ni lengo, nalo liwe moja. "Leo tunajifunza pasi" bado ni pana mno. "Leo anayepokea pasi atupe jicho pembeni kabla mpira haujamfika" ndilo lengo, kwa sababu ukisimama kando ya uwanja utaona kwa macho yako nani kafanya na nani hajafanya.

Nichukue jambo ninaloliona mara nyingi jioni kwenye viwanja vya Mbeya, kuanzia Uyole mpaka Iyunga. Watoto 18 wamepanga foleni, mpira ni mmoja, kila mtu anapiga golini kisha anarudi nyuma ya foleni. Hata kila shuti likichukua sekunde 10 tu, mtoto anasubiri dakika 3 zamu yake irudi. Robo saa nzima amegusa mpira mara 5. Muda uliobaki anasukumana na mwenzake au anatetemeka, maana baridi ya huku Juni na Julai si ya mchezo. Sasa wagawe hao hao makundi matatu ya watu sita: wanne wanapigiana pasi kwenye kimraba cha hatua kumi kwa kumi, wawili wako katikati wanapora. Anayepoteza mpira anaingia kati. Umetumia mipira 3, na hakuna aliyesimama. Na hapo hapo lengo lako linafanya kazi, kwani asiyetupa jicho pembeni anaporwa, na anajua mwenyewe kwa nini.

Kabla ya hapo watoto wapashe mwili, ikiwezekana na mpira mguuni. FIFA ina programu ya kupasha mwili na kuzuia majeraha iitwayo 11+, ya kama dakika 20, kwa wenye miaka 14 na kuendelea. Wa miaka 7 hadi 13 wana ya kwao, 11+ Kids. Kuwazungusha uwanja raundi nne mimi sikubaliani nako. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mtoto aliyetoka Kyela wiki hii, kule chini ziwani, atakata pumzi kabla hujaanza kumfundisha chochote.

Baada ya zoezi huja mechi ndogo, wanne kwa wanne, magoli ya koni au mawe, hakuna kuotea. Watoto watakuuliza tangu wanafika, "Mwalimu, mechi saa ngapi?" Wape mechi kila siku, wala usiifanye zawadi ya waliotulia. Mechi ndiyo inayokuonyesha kama somo limeingia. Ukipuliza filimbi kuisimamisha, iwe kwa ajili ya lile lengo la leo tu. Makosa mengine yaache yapite, hata yakikuuma. Hilo ndilo gumu kuliko yote kwa kocha, kuona beki kapigwa tobo, mpira umempita katikati ya miguu, na kunyamaza.

Saa moja na robo inatosha. Mkianza saa 10:30 jioni mnamaliza saa 11:45, na mtoto anafika nyumbani kabla giza halijaingia. Ukubwa wa mpira wenyewe uendane na umri: namba 3 kwa wa chini ya miaka 8, namba 4 mpaka miaka 12, kisha namba 5. Kama uliopo ni namba 5 pekee, punguza umbali wa pasi.

Masika, ukikuta uwanja ni tope, pasi ya chini itanasa njiani. Hapo badilisha lengo palepale: kutuliza mpira wa juu kwa paja, au danadana za wawili wawili.

Mwisho wa siku andika mistari miwili kwenye daftari lile lile. Langu la Jumanne lilisema: "Wanatupa jicho kulia, kushoto bado. Wadogo wawili hawakuingia kati hata mara moja, wakubwa wanawakwepa, hawawapi pasi." Alhamisi wadogo wale niliwaweka kundi lao.