Fundi vioo kwenye theluji: kwanza linda vidole

Kila asubuhi kuanzia Novemba hadi Machi, kabla sijagusa kioo, navua glavu na kugusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho. Vikigusana bila taabu, kazi inaanza. Vikikataa, narudi kwenye gari kuota moto wa hita, hata kama mwenye nyumba amesimama ndani ananitazama na kuhesabu dakika zake.

Mimi ni fundi wa madirisha Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Kazi niliijulia Dar es Salaam, ambako shida yetu ilikuwa jua kali na jasho la viganja. Nilipokuja huku nilidhani kitakachobadilika ni koti tu. Kioo ni kilekile, pimamaji ni ileile, silikoni, ile gundi ya kuzibia pembeni mwa dirisha, ni ileile. Msimu wangu wa pili wa baridi ulinifundisha vingine.

Siku hiyo tulikuwa wawili tumebeba kioo cha tabaka mbili, mita 1.2 kwa 1.5. Uzito wa kioo haubahatishwi: kila mita ya mraba, kwa kila milimita ya unene, ni kilo 2.5. Chetu kilikuwa cha milimita 6 mara mbili, kwa hiyo kilo 54 hivi. Tulikishika kwa vikombe vya mpira vya kufyonza, vile vyenye pampu pembeni. Hatua kama kumi kutoka kwenye gari, upande wangu ukaanza kuteleza, polepole kabisa, bila mlio. Nikaruka nyuma. Kioo kikatua kwenye theluji, shubiri moja kutoka kwenye buti langu, kikapasuka. Na hapo nilifanya jambo moja tu la maana siku nzima: sikujaribu kukidaka. Kioo kinachoanguka hakidakwi, kiwe cha shilingi au cha dola.

Kwa nini kiliteleza? Kilikuwa kimelala garini usiku kucha, na juu yake palikuwa na sakitu, utando wa barafu mwembamba ambao huuoni mpaka uukwaruze kwa ukucha. Mpira nao ukipigwa na baridi hukakamaa, ukingo wake haulali sawasawa. Kikombe kilikuwa kimeshika barafu, si kioo.

Tangu hapo vikombe vyangu vinasafiri mbele pamoja nami, karibu na hita, kama abiria. Kioo nakifuta kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha kwa spiriti ya isopropili, halafu kitambaa kingine kikavu kabla spiriti haijakauka yenyewe. Maji ya sabuni yasahau, yataganda ukiwa bado unafuta. Na ule mstari mwekundu kwenye pampu nautazama kila baada ya hatua chache. Ukianza kuchomoza ujue hewa inaingia, weka kioo chini, pampu upya.

Glavu ni mjadala usioisha kati ya mafundi. Nene zinakupa joto lakini zinakunyima kuhisi, na fundi vioo asiyehisi ukingo wa kioo ni kama kipofu mwenye panga. Mimi navaa za sufu nyembamba ndani, za kuzuia kukatwa juu, na nabeba jozi tatu kwa sababu glavu iliyolowa ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Kidole kilichokufa ganzi hakisikii kukatwa. Unaona matone mekundu kwenye theluji ndipo unajiuliza ni ya nani.

Halafu kuna upepo. Jedwali la idara ya hali ya hewa ya Marekani linasema nyuzi 18 chini ya sifuri, upepo ukivuma kilomita 24 kwa saa, mwili unaona kama nyuzi 28 chini ya sifuri, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Januari 30, 2019 hapa mjini ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri kabla hata hujaongeza upepo. Siku kama hizo hakuna dirisha la haraka. Upepo huohuo pia unakigeuza kioo kuwa tanga. Ukivuma kilomita 40 kwa saa, kioo cha mita 2 za mraba kinasukumwa kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 15, nawe umesimama juu ya barafu.

Nina kijana wa Bukavu, Kongo, ninayemfundisha kazi. Mwezi wa kwanza aliniambia, "Yaya," yaani kaka mkubwa kwa Kiswahili cha kwao, "sisikii baridi tena." Nikamwambia, "Mdogo wangu, hapo ndipo uogope." Ncha ya sikio lake ilikuwa imegeuka nyeupe kama nta. Alitaka kuisugua, nikamkataza: ngozi iliyoganda ukiisugua unaiharibu zaidi. Tuliingia ndani, tukaiwekea taratibu, bila kusugua, kitambaa kilicholoweshwa maji ya vuguvugu, nyuzi 37 hadi 39, akanywa chai. Mtu akianza kudondosha zana, kujikwaa na kutamka maneno ovyo, usimcheke: baridi imeshamwingia mwilini. Na akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, piga simu ya dharura.

Jukwaa lenye barafu hatupandi. Kanuni za OSHA, mamlaka ya usalama kazini hapa, haziruhusu kufanya kazi kwenye jukwaa lililofunikwa theluji au barafu, isipokuwa kazi ya kuiondoa. Nimeshapoteza saa mbili nikikwangua mbao kwa sepetu, na msimamizi mmoja alinuna. Anune.

Kosa la wageni wengi ni kuharakisha kwa moto. Fremu ya zamani imegandia, mtu anachukua maji ya moto au bunduki ya hewa moto anaelekeza kwenye kona ya kioo. Kioo cha kawaida hakihitaji zaidi ya tofauti ya nyuzi 40 hivi kati ya sehemu na sehemu ili kipasuke. Tumia kisu, kabari na subira. Wengine huzungushia dirisha hema la plastiki na kuwasha hita ya gesi ndani. Hilo linaniogopesha kuliko ngazi, maana hewa ya sumu ya kaboni monoksidi haina harufu. Acha upenyo wa hewa, weka king'ora chake, na asibaki mtu mmoja peke yake humo.

Fremu za plastiki kwenye baridi zinakuwa kama kigae: toboa kwanza, kisha funga skrubu kwa mkono mwepesi. Pia acheni nafasi ya kutanuka. Fremu ya mita 2 inaweza kurefuka milimita 5 na zaidi kutoka Januari hadi Julai, nawe uliipima ikiwa imesinyaa.

Silikoni na makopo ya povu yanalala kwangu jikoni, si garini, na mama watoto ameshachoka kuyahamisha. Silikoni nyingine inatoka vizuri hata kwenye baridi kali. Shida yake ni sakitu iliyo ukutani, kwa sababu itashika barafu kama vikombe vyangu vilivyofanya. Soma maandishi ya mtengenezaji, kila aina ina kiwango chake. Na kwa kuwa inakomaa kwa kunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya baridi ina unyevu kidogo, inachelewa.

Madirisha yenyewe natoa moja, naweka moja. Sing'oi la pili kabla la kwanza halijafungwa, la sivyo mabomba ya maji ya mwenye nyumba yataganda.

Wiki iliyopita mteja mmoja aliniuliza kama anaweza kufungua dirisha lake jipya jioni hiyohiyo. Nilimwomba asubiri siku kadhaa mpaka silikoni ikomae. Nje ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Sijui alitaka kumkaribisha nani.