Fikra za kikompyuta: vizibo vya soda vinatosha

Dhana: "Shule yetu haina kompyuta, hayo mambo hayatuhusu."

Fikra za kikompyuta ni kulivunja tatizo vipandevipande, kuweka kanuni, kuirudia, kisha kupima kama matokeo yanafanana na hali halisi. Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, na wenzake wamekuwa wakifundisha misingi hiyo kwa kadi na chaki tangu miaka ya 1990.

Chukua mada ya mionzi. Kila kundi lipe vizibo 100 vya soda ndani ya kopo. Tikisa, mwaga mezani. Vilivyolala chali (tundu likitazama juu) ni atomi zilizooza, yaani zilizokwisha kutoa mionzi na kubadilika: vitoe. Hesabu vilivyobaki, andika, rudia. Wanafunzi wanategemea 50, halafu 25, lakini vizibo havitii, maana pande zake hazilingani. Hapo ndipo darasa linapoamka. "Hamkutikisa vizuri nyie!" Wengine wanatoa sarafu mfukoni walinganishe. Wakichora grafu wanakuta mteremko wa aina ileile: kila raundi inaondoa takriban sehemu ileile ya vilivyobaki, hata kama si nusu. Na kizibo kilichonusurika raundi tano hakina nafuu yoyote raundi ya sita. Atomi nazo hazizeeki.

Dhana: "Ukitaka wahamasike, toa zawadi."

Kalamu na daftari kwa mshindi si dhambi, ila tahadhari. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilofanya Marekani kwa watoto wa chekechea waliokuwa wakipenda kuchora. Walioahidiwa cheti wakichora, baadaye walipoachiwa wachague mchezo, walichora kidogo kuliko wenzao. Waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakupungukiwa hamu. Kwa hiyo ukilipia kitu ambacho mtoto angekifanya kwa raha zake, unaweza kuiua hiyo raha.

Dhana: "Wakishika vitu kwa mikono, wameelewa."

Hapana. Zogo la vizibo linaweza kuisha bila mtu kujifunza chochote. Kabla ya kumwaga, kila mmoja aandike anabashiri vitabaki vingapi, na kwa nini. Anayekosea atataka mwenyewe kujua alipoteleza.

Dhana: "Itakula muda wa silabasi."

Dakika 40 zinatosha, kama vizibo vimeshahesabiwa kabla ya kengele.