Ziara za nyumbani kwa familia zilizo katika mazingira magumu: zipi husaidia, zipi hushindwa na kwa nini

Familia ikisemwa iko katika mazingira magumu, maana yake nini?

Haina maana kwamba wazazi hawajui kulea. Maana yake ni kwamba mizigo imerundikana: kipato cha leo kipo kesho hakipo, mama bado ni binti mdogo, kuna sonona baada ya kujifungua, kuna kipigo au ulevi nyumbani, mtoto amedumaa au amezaliwa njiti. Mzigo mmoja mara nyingi hubebeka. Hatari kwa mtoto hupanda pale mingine inapoongezwa juu yake. Kwa hiyo programu iliyoundwa vizuri hushughulika na mizigo hiyo, haiendi nyumbani kumkagua mzazi.

Programu yenye ushahidi ina tofauti gani na msaada mwingine wowote?

Imepimwa dhidi ya familia ambazo hazikuipata. Familia zinazofanana hugawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili: moja hupata programu, jingine huendelea na huduma za kawaida. Bila kundi hilo la kulinganisha ni rahisi kudanganyika, kwa sababu watoto wote hukua, akina mama wengi wenye sonona hupata nafuu kadiri muda unavyokwenda, na wanaojitokeza wenyewe kujiandikisha huwa ndio wenye nguvu ya kujitokeza.

Mtafiti makini ana sharti jingine: familia iliyopangiwa programu huhesabiwa katika kundi lake hadi mwisho, hata kama iliacha baada ya ziara mbili. Ukiwafuta walioacha, mara nyingi umefuta waliokuwa na hali ngumu kuliko wote, na matokeo yatapendeza kwenye karatasi tu.

Kuna mfano wa programu iliyothibitika?

Ipo kadhaa. Mfano wenye nguvu sana ulianza mwaka 1986 Kingston, Jamaika, kwa watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi walipewa lishe ya nyongeza ya maziwa. Baadhi walitembelewa nyumbani saa moja kila wiki kwa miaka miwili ili mama aonyeshwe jinsi ya kucheza na kuzungumza na mtoto. Baadhi walipata vyote viwili. Wengine hawakupata chochote kati ya hivyo. Walipofuatiliwa takribani miaka 20 baadaye, waliotembelewa kwa ajili ya michezo walikuwa wakipata kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko ambao hawakutembelewa hivyo. Lishe ya nyongeza peke yake haikuacha faida ya muda mrefu ya namna hiyo. Si hoja ya kuacha kumlisha mtoto. Inaonyesha kwamba chakula hakiwezi kushika nafasi ya mazungumzo na michezo.

Ndani ya hiyo saa moja hufanyika nini hasa?

Hapa ndipo programu nyingi huharibikia, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Mhudumu huanza kwa kuuliza hali ya nyumbani, na husikiliza kweli. Mama aliyelala njaa au aliyegombana usiku hawezi kufundishwa mchezo kabla hajasikilizwa. Kisha hurudia mchezo wa wiki iliyopita: mlicheza? Mtoto alifanya nini? Hutoa kifaa kipya, mara nyingi kilichotengenezwa kwa vitu vya nyumbani: chupa ya plastiki yenye mbegu ndani, vifuniko vya kupanga, kitambaa cha kuficha na kufichua kitu. Huonyesha mara moja, kwa ufupi, halafu humkabidhi mama.

Kuanzia hapo mikono ya mhudumu inatakiwa itulie. Kosa la kawaida kabisa ni mhudumu kumpakata mtoto na kucheza naye kwa ustadi huku mama akiwa mtazamaji. Mtoto atafurahi saa hiyo moja, lakini wiki ina saa 168 na nyingine zote ziko mikononi mwa mama. Mhudumu hodari humtazama mama na kusifia jambo mahususi: "Umeona ulivyomsubiri akakujibu kwa sauti yake? Hivyo hivyo." Kusema tu "vizuri sana" hakumwambii mama arudie nini.

Kabla ya kuaga, mama mwenyewe hutaja ni wakati gani wa siku atacheza na mtoto: anapomwogesha, anapofua, anapomlaza. Asipoutaja wakati, mchezo huo kwa kawaida hausogei.

Kuhusu usalama wa vifaa: kitu kinachopenya ndani ya bomba la karatasi ngumu linalobaki tishu ya chooni inapoisha ni kidogo mno kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, kinaweza kumkaba. Mbegu zikae ndani ya chupa ambayo kifuniko chake kimefungwa imara kiasi cha mtoto kutoweza kukifungua, na kikaguliwe kila ziara.

Ziara ngapi zinatosha?

Hutegemea lengo. Programu ya wauguzi iliyobuniwa Marekani na David Olds na kuanza kujaribiwa Elmira, New York, miaka ya 1970, huanza mama akiwa mjamzito na kuisha mtoto anapofikisha miaka miwili. Ratiba yake ya awali: kila wiki kwa mwezi wa kwanza, kila baada ya wiki mbili hadi kujifungua, kila wiki kwa wiki sita baada ya kujifungua, kisha kila baada ya wiki mbili, na mara moja kwa mwezi kuelekea mwisho. Muuguzi mmoja hubeba familia zipatazo 25, hazidi sana hapo.

Bajeti ikibana, cha kwanza kukatwa huwa idadi ya ziara, na cha pili ni usimamizi. Kinachobaki kina jina la programu iliyothibitika, lakini ushahidi ule hauihusu tena.

Kwa nini programu ileile ifaulu mahali pamoja na kushindwa pengine?

Programu hiyo ya Olds ilijaribiwa Uingereza kwa wasichana wajawazito 1,645 wenye umri wa miaka 19 au chini, na matokeo yakatolewa mwaka 2015. Katika vipimo vikuu, ikiwemo uvutaji sigara mwishoni mwa ujauzito na uzito wa mtoto anapozaliwa, haikuonekana faida ya ziada. Sababu inayotajwa zaidi ni kwamba kundi la kulinganisha nalo lilikuwa na wakunga na wauguzi wa jamii bila malipo. Swali la kuuliza kabla ya kuleta programu mahali papya ni hili: familia hizi tayari zinapata nini?

Lazima mhudumu awe muuguzi?

Si lazima, ila programu lazima iwe imeundwa kwa ajili ya yule atakayeitoa. Majaribio ya Denver, Marekani, yalipowapa wahudumu wasio wauguzi programu hiyo ya Olds, matokeo kwa kawaida yalikuwa takribani nusu. Lakini Jamaika ilitumia wahudumu wa afya ya jamii, waliofunzwa na kusimamiwa kwa karibu, na ikafaulu.

Mama ana sonona. Programu ya malezi itamsaidia?

Michezo peke yake haitoshi. Sonona yenyewe inatakiwa kutibiwa. Kipimo kinachotumika sana ni cha Edinburgh: maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, alama kutoka 0 hadi 30. Alama 13 na zaidi huashiria uwezekano mkubwa wa sonona na kuhitaji uchunguzi kamili. Swali la 10 linahusu mawazo ya kujidhuru, na jibu lolote lisilo "hapana kabisa" hufuatiliwa siku hiyohiyo, hata jumla ikiwa ndogo.

Kosa hutokea zaidi katika namna ya kuuliza. Mama akiulizwa huku mama mkwe ameketi pembeni, atajibu kwamba yuko salama. Tafuta faragha kwanza.

Nchini Pakistani wahudumu wa afya ya jamii, wasio wataalamu wa akili, walifundishwa kutoa vikao 16 vya tiba ya mazungumzo kwa akina mama wenye sonona. Mtoto alipofika miezi sita, asilimia 23 ya akina mama hao bado walikuwa na sonona, dhidi ya asilimia 53 katika kundi la kulinganisha.

Tukieleza mambo yetu ya ndani, yatabaki siri?

Kwa kawaida ndiyo, isipokuwa mtoto au mtu mwingine akiwa hatarini. Mipaka hiyo mhudumu anatakiwa kuieleza ziara ya kwanza, kabla hujasimulia lolote.

Tuulize nini kabla ya kukubali kujiunga?

Ulizeni atakuja nani, na ikiwa ni mtu yuleyule kila mara, maana kubadilishiwa mhudumu katikati huwafanya wengi waache. Ulizeni ziara ni ngapi na zinaisha lini. Ikiwa ni utafiti, ulizeni mnaweza kupangiwa kundi gani, taarifa zenu zitatunzwa wapi, na matokeo mtaletewa kwa njia gani. Kisha ulizeni mkijitoa itakuwaje: huduma zenu za kawaida za kliniki hazipaswi kuguswa hata kidogo, na ahadi hiyo iwe imeandikwa kwenye fomu ya ridhaa, mkabaki na nakala yenu.