Kanabinoidi adimu ni nini?

Bangi ikitajwa, wengi huwaza THC, ile inayolewesha, na siku hizi CBD, isiyolewesha. Hizo ni mbili tu kati ya kemikali zaidi ya 100 za jamii moja, yaani kanabinoidi, zilizokwisha kutambuliwa kwenye mmea huo. Nyingi kati ya zilizobaki hazifiki hata asilimia 1 ya uzito wa ua kavu, na ndizo huitwa kanabinoidi adimu. Uadimu huo ni wa kiasi, si wa nguvu. THCP, iliyotangazwa na watafiti wa Italia mwaka 2019, hupatikana kwa chembe tu, lakini kwenye vipimo vya maabara ilishika kipokezi cha CB1, kilichojaa kwenye ubongo, kwa nguvu mara 30 hivi zaidi ya THC.

Ukitaka kuzielewa, anza na mama yao. Vinyweleo vya utomvu vilivyo juu ya ua hutengeneza kwanza asidi iitwayo CBGA. Kisha vimeng'enya vitatu, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia, huigombania: kimoja huifanya THCA, kingine CBDA, cha tatu CBCA. Kinachosalia bila kuguswa ndicho chanzo cha CBG, na ndiyo sababu ua lililokomaa huwa na CBG kiduchu. Anayetaka CBG nyingi hupanda aina ambazo vimeng'enya hivyo havifanyi kazi yake, au huvuna mapema.

Kwenye mmea mbichi karibu zote ziko katika hali ya asidi. THCA yenyewe haileweshi. Joto ndilo huiondolea hewa ya ukaa ikawa THC, na uzito hupungua: miligramu 100 za THCA hutoa THC isiyozidi miligramu 88 hivi. Ndiyo maana maabara huzidisha THCA kwa 0.877 kisha hujumlisha na THC iliyopo. Anayetazama safu ya THC peke yake kwenye cheti cha maabara cha maua atadhani ni mepesi, kumbe karibu nguvu yote imekaa safu ya THCA.

CBN ni kesi tofauti. Mmea hauitengenezi moja kwa moja. Ni THC iliyochakaa kwa hewa, mwanga na joto. Maua yenye CBN nyingi yamekaa sana au yamehifadhiwa vibaya. Leo inauzwa kama dawa ya usingizi, lakini sifa hiyo imeutangulia ushahidi kwa mbali.

THCV inavutia zaidi. Mkia wa molekuli yake una kaboni 3, wakati wa THC una 5, na tofauti hiyo ndogo hubadili tabia: kwa dozi ndogo huziba CB1 badala ya kuiamsha. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2016, wagonjwa 62 wa kisukari aina ya pili waligawanywa makundi matano. Kundi la THCV lilipewa miligramu 5 mara mbili kwa siku kwa wiki 13, na sukari yao ya kabla ya kula ilishuka. Hata hivyo kolesteroli nzuri, ambayo ndiyo ilikuwa kipimo kikuu, haikubadilika. Gawanya 62 kwa 5 uone jinsi kila kundi lilivyokuwa dogo. Hilo ni dokezo, bado si tiba.

CBDV, ndugu wa CBD mwenye mkia mfupi, nayo ilitia matumaini kwa kifafa mpaka jaribio la mwaka 2018: degedege zilipungua, ila zilipungua karibu sawa kwa waliopewa dawa ya kulinganishia isiyo na CBDV. CBG imeonyesha kuua bakteria sugu wa MRSA kwa panya na kutuliza uvimbe wa utumbo wao, lakini panya si mgonjwa. CBC nayo bado iko kwa panya.

Linganisha na CBD. Marekani iliidhinisha dawa ya CBD safi mwezi Juni 2018 kwa aina mbili kali za kifafa cha utotoni, Dravet na Lennox-Gastaut, kwa dozi ya kawaida ya miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtoto wa kilo 20 anahitaji basi miligramu 200 hadi 400. Chukua sasa chupa ya mafuta ya mililita 10 yenye asilimia 5: ndani mna miligramu 500. Mililita moja ni matone 20 hivi, kwa hiyo tone moja lina miligramu 2.5, na miligramu 200 ni matone 80. Anayetumia matone matatu ya CBG akitarajia matokeo ya majaribio hajapiga hesabu. Angalia pia kama hiyo asilimia 5 ni CBG yenyewe au ni kanabinoidi zote kwa pamoja. Lebo nyingi hucheza hapo.

Hatari kubwa ni kuchanganya dawa. CBD hupunguza kasi ya vimeng'enya vya ini, hivyo klobazamu (dawa ya kifafa) na wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) huweza kupanda kwenye damu, na ikitumiwa pamoja na valproeti, dawa nyingine ya kifafa, ini huweza kuumia. Kanabinoidi adimu hazijapimwa kwa kina hivyo, kwa hiyo anayemeza dawa hizo amwambie daktari kabla ya tone la kwanza. Na mafuta yenye mabaki ya THC yanaweza kumfanya mtu aonekane ametumia bangi kwenye kipimo cha mkojo.

Delta-8 (ndugu wa karibu wa THC) na HHC, kanabinoidi zinazolewesha zinazouzwa madukani, ni jambo jingine kabisa. Kwenye mmea zipo kwa chembe tu, hivyo viwandani hutengenezwa, mara nyingi kwa kuanzia na CBD, na Delta-8 hupatikana kwa kuipika CBD hiyo na asidi. Cheti chake kisipoonyesha namba ya toleo, mabaki ya viyeyushi na metali nzito, rudisha chupa.