Analipa ada ya darasa, halafu hajisajili mtihani

Huu ni mwaka wa kumi na mbili nafundisha Kemia darasa la jioni hapa Dar es Salaam, kwa watu wazima wanaorisiti kidato cha nne. Kuna jambo lilinichukua muda mrefu kulielewa. Mtu analipa ada, anahudhuria bila kukosa, daftari lake safi, lakini usajili wa mtihani ukifungwa unakuta hayumo. Ukimuuliza: "Kazi zimebana, mwalimu. Mwakani, Mungu akipenda."

Zamani nilidhani ni uvivu. Kumbe asiyejisajili hawezi kufeli. Mwaka 1978 wanasaikolojia Edward Jones na Steven Berglas waliielezea tabia hii: mtu anajiwekea kikwazo mapema ili mambo yakiharibika, lawama ikiangukie kikwazo, akili yake ibaki salama. "Sikupata muda" inauma kidogo kuliko "nilisoma nikapata F". Na F ya mtu wa miaka 43 mwenye binti kidato cha pili inasomwa na huyo binti.

Ndiyo maana darasani kwangu simtaji sana mzee Kimani Maruge, yule Mkenya aliyeanza darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Namheshimu. Ila kwa umri ule, kukaa tu kwenye dawati ilikuwa ushindi. Angefeli, nani angemcheka? Wanafunzi wangu wana heshima ya kupoteza. Kazini wanaitwa dada mkubwa, kwenye kikoba ndio waweka hazina. Ukimwambia mtu kama huyo "hata Maruge aliweza", umemwongezea mtu mwingine wa kumwonea aibu.

Mimi nahakikisha makosa yanakuja mapema, tena kwa bei ndogo. Wiki ya kwanza natoa maswali matano, mawili nikijua hakuna atakayeyapata. Wanasahihisha wenyewe, karatasi wanaondoka nazo, mimi sizioni. Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba hakuna kinachompa mtu imani kuwa anaweza kama kuwa ameshafanya kwa mikono yake. Kwa hiyo natafuta kile ambacho tayari wanakifanya.

Nilikuwa na mhudumu wa afya, karibu miaka ishirini kazini, anautamani uuguzi. Alipofika kwenye swali la kuzimua myeyusho, tena limeandikwa Kiingereza, akaweka kalamu chini.

"Dada, kazini JIK mnaichanganyaje?"

"Moja ya JIK, sita za maji." Hakufikiri hata kidogo.

"Kwa nini sita?"

Kimya. Tukaandika ubaoni: dawa yenyewe ina klorini asilimia 3.5, inayotakiwa ni 0.5. Gawanya, unapata saba. Saba ukitoa ile sehemu moja ya dawa, maji ni sita.

"Kumbe ndiyo hii?" Akarudi kwenye swali, akakosea desimali, akafuta, akarudia. Kule kufuta kulinifurahisha kuliko jibu, maana wiki iliyotangulia alikuwa akikosea anachana ukurasa.

Usajili siku hizi tunaufanya pamoja, jioni ya darasa, kila mtu na simu yake, na hatutoki mpaka ada imelipwa. Jambo moja natofautiana na wanaohamasisha watu: wao husema tangaza ndoto yako. Mimi nasema mwambie mtu mmoja tu. Kila unayemwambia ni jicho jingine linalokusubiri Januari, matokeo yakitoka. Yule dada alimchagua wifi yake.

Matokeo yakatoka: Kemia C, Baiolojia D, Fizikia F. Na Fizikia anaihitaji. Jioni ile alikuja darasani kama kawaida, akakaa kiti chake kilekile. Aliyemfungulia matokeo kwenye simu, akaniambia, ni binti yake. Halafu akauliza usajili wa Fizikia unaanza lini.