Dhana potofu kuhusu kusoma Kiingereza kupitia habari, na ukweli wake

Wanafunzi wangu wa jioni hapa Lubumbashi, Kongo, ni watu wazima: makarani wa kampuni za migodi, mawakala wa forodha, wafanyabiashara wanaoagiza bidhaa Zambia, wauguzi, na vijana waliomaliza chuo kikuu kwa Kifaransa na sasa wanaona nafasi za kazi zikidai Kiingereza. Karibu kila mmoja wao hufika na sentensi ileile: «Mwalimu, magazeti ya Kiingereza nitaanza kuyasoma nikishamaliza sarufi na kushika maneno ya kutosha.» Sentensi hiyo nimeisikia mno, na kwa kuwa wengi wanaoisema huacha masomo kabla ya kuifikia siku wanayoingoja, nimeona afadhali niijibu kwa maandishi.

Dhana yenyewe ina sehemu mbili: kwamba kusoma ni tuzo anayopewa mtu baada ya kuijua lugha, na kwamba ukurasa hausomeki mpaka kila neno lililomo liwe limejulikana. Matokeo yake huwa nayaona kwenye karatasi za wanafunzi. Mwanafunzi mmoja, karani wa kampuni inayosafirisha madini, aliniletea makala ya Kiingereza kuhusu kobalti, na juu ya kila mstari alikuwa ameandika Kifaransa kwa penseli, neno kwa neno, hata juu ya viunganishi. Ilikuwa kazi ya jioni nzima. Nikamwomba afunike karatasi, kisha aniambie ni nani amezuia nini na kwa muda gani. Hakuweza. Nilipomuuliza jambo hilohilo kwa Kiswahili, pasipo kutaja makala, alinieleza bila kusita kwamba serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje mwezi Februari 2025 kwa miezi minne, kwamba mwezi Juni iliongeza miezi mitatu, na kwamba mwezi Oktoba marufuku iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na mgawo wa kila kampuni. Akaniongezea na sababu, yaani bei iliyokuwa imeporomoka baada ya kobalti kujaa sokoni. Karibu yote hayo yalikuwa kwenye ile karatasi yake. Mtu huyu aliijua habari pengine kuliko aliyeiandika, akashindwa kuisoma kwa sababu kamusi haikumpa nafasi ya kutumia alichokijua.

Msomaji hapati maana kwa kujumlisha maneno. Akili hushika kipande kifupi tu cha sentensi kwa wakati mmoja, na anayeiacha sentensi katikati ili kwenda kwenye kamusi, akirudi anakuta mwanzo wake umeshamtoka. Isitoshe, kamusi humpa maana tano au sita, na cha kumwamulia ipi inafaa ni sentensi ileile aliyoitelekeza. Kwa hiyo huchukua maana ya kwanza iliyoandikwa, huibandika juu ya mstari, na kuendelea mbele akiwa amepotea zaidi kuliko alipoanza.

Wako wanaonijibu kwa hesabu, na hesabu zenyewe ni za kweli. Orodha ya maneno ya msingi iliyotolewa na Michael West, mwalimu wa Kiingereza, mwaka 1953 ina maneno yapatayo 2,000, na maneno kiasi hicho yanayotumika zaidi huchukua takriban asilimia 80 ya maneno yote ya gazeti. Inasikika kama ushindi mpaka mtu atambue kwamba kila neno la tano bado ni geni kwake. Paul Nation, mtaalamu wa msamiati wa New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma gazeti bila msaada, kwa kujua maneno 98 katika kila 100, kunahitaji familia za maneno (yaani neno pamoja na maumbo yake) kati ya 8,000 na 9,000. Basi, wananiambia, si bora tungoje? Nami huwauliza: maneno hayo 8,000 mtayaokota wapi kama si kwenye kusoma? Hakuna darasa la jioni linaloweza kuyafundisha moja moja, na neno lililoonekana mara moja kwenye orodha halikai. Hukaa lile linalomrudia mtu mara nyingi, kila mara likiwa na majirani tofauti.

Tena hesabu hizo zinamhusu msomaji anayerukaruka kutoka habari hii hadi ile, leo uchaguzi wa nchi asiyoijua, kesho tenisi. Anayefuata jambo moja kwa majuma kadhaa yuko katika hali tofauti kabisa. Stephen Krashen, mtaalamu wa Kimarekani wa ujifunzaji wa lugha, amekuwa akitetea kusoma kwa aina hii, kwa kubaki kwenye mada moja au mwandishi mmoja, na sababu yake ni nyepesi: maneno ya mada hujirudia. Katika habari za kobalti na shaba, maneno ya kuuza nje, marufuku, mgawo, bei, tani, ugavi na akiba hurudi katika kila makala, na juma la tatu hakuna anayeyatafuta tena. Ongeza majina kama Kolwezi, Kinshasa, Lobito, Gécamines, pamoja na tarakimu zote, ambavyo havihitaji kamusi ya lugha yoyote, na utaona kwamba ukurasa ulioonekana kama ukuta una milango mingi.

Ndiyo maana nawaagiza wanafunzi waanzie kwenye habari wanayoijua tayari. Mtu asikilize kwanza Radio Okapi au idhaa nyingine kwa Kiswahili au Kifaransa, kisha atafute habari hiyohiyo kwa Kiingereza. Kwa wapenzi wa mpira ni rahisi zaidi. Nusu fainali ya Kombe la Afrika ya tarehe 7 Februari 2024, tulipofungwa na Côte d'Ivoire bao moja kwa bila, nimeitumia darasani mara kadhaa, maana hakuna asiyekumbuka bao la Sébastien Haller, wala wachezaji wetu walivyoziba midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kwenye kichwa kama bastola, wakati wa wimbo wa taifa, ili dunia iangalie vita ya mashariki. Mwanafunzi anayekutana na aya inayoeleza ishara hiyo kwa Kiingereza haulizi neno la mkono ni lipi, wala la mdomo; anayaona. Jambo analolijua ndilo linalomfasiria neno asilolijua, na hakuna kamusi inayofanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Kuhusu kamusi, sheria yangu ni kali na naisisitiza hata pale wanaponung'unika. Soma makala mara ya kwanza mpaka mwisho bila kusimama. Mara ya pili chora mstari chini ya maneno matatu, si zaidi, yale yaliyojitokeza zaidi ya mara moja na yanayoziba maana. Hayo ndiyo utakayoyatafuta, na utayatafuta ukiwa umeshamaliza. Mengine yaache yapite. Najua inauma kwa mtu aliyelelewa na shule yetu, ambamo kutojua neno ni aibu, lakini hata anayesoma Kifaransa kila siku huyaruka maneno asiyoyajua, ila hajishtaki.

Dhana ya pili ni kwamba vichwa vya habari ni rahisi kwa kuwa ni vifupi, na kwa hiyo mwanzo mzuri ni kusoma vichwa tu kwenye simu. Ukweli ni kinyume chake. Kichwa cha habari cha Kiingereza huwa na sarufi yake: huangusha vitenzi visaidizi na vile vineno vidogo vinavyotangulia nomino, husema kwa wakati uliopo jambo lililotokea jana, na huonyesha wakati ujao kwa kuweka «to» mbele ya kitenzi. Kichwa kama «Congo to extend cobalt export ban» kina nomino tatu zilizopangwa bila kiunganishi chochote, ilhali Kiswahili kingezifunga kwa «ya» na «wa»: marufuku ya kuuza kobalti nje. Namna ya kukifungua ni kuanzia neno la mwisho na kurudi nyuma. Lakini kwa anayeanza, kichwa kiachwe mpaka mwisho. Aya ya kwanza ndiyo inayobeba nani, nini, wapi na lini, kwa sentensi kamili.

«Nimesoma kwa Kifaransa, kwa hiyo nusu ya Kiingereza ninayo.» Kwa kiasi fulani ni kweli, na hatari imo humohumo. Mfanyabiashara akisoma kwamba mpaka wa Kasumbalesa, wa kuingia Zambia, utafunguliwa «eventually», akaikumbuka «éventuellement» ya shuleni, ataelewa kwamba huenda ukafunguliwa na huenda usifunguliwe, kumbe ameambiwa kwamba utafunguliwa hatimaye. Maneno ya namna hii yanayosumbua kweli katika habari za kawaida si mengi, na inafaa kuyajifunza kwa orodha. Ni mahali pekee ninapokubali orodha.

Wengine huona haya kusoma habari zilizorahisishwa, wakidai kwamba ni za watoto. Sauti ya Amerika ilipoanzisha matangazo yake ya Kiingereza chepesi mwaka 1959, kwa msamiati wa maneno yapatayo 1,500 na sentensi fupi zenye wazo mojamoja, iliwalenga wasikilizaji wa dunia nzima waliojifunza Kiingereza ukubwani. Basi hapo hakuna la kuonea haya.

Na wapo wanaodharau Kiingereza cha maisha ya kila siku, eti cha Zambia si cha kweli, au eti ujumbe wa simu huharibu lugha. Kiingereza ni lugha rasmi ya Zambia, huandikwa mahakamani, shuleni na magazetini, na kinaanzia mwendo wa saa chache kutoka hapa. Chukua ujumbe wa aina hii kutoka kwa muuzaji wa Kitwe: «Truck left 0500, now at border, docs pending.» Una maneno manane, hauna kitenzi kisaidizi hata kimoja, na anayeupokea lazima ajue mara moja kwamba gari limeshafika mpakani na kinachongojwa ni hati, maana asipomjibu mtu wake kwa haraka atalipia maegesho. Habari humzoesha mtu sentensi ndefu zilizopangwa. Ujumbe humzoesha kusoma akiwa na jambo la kutenda. Mwanafunzi wa kundi la kwaya linaloalikwa Ndola, anayesoma matangazo ya kundi hilo kwenye WhatsApp na kujibu, husonga mbele kwa kasi kuliko anayesoma magazeti peke yake chumbani asimwambie mtu alichosoma.

Kusoma kwa sauti nako hukuzwa kupita kiasi. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo tumezoea kwamba aliyetamka amesoma. Kiingereza hakina uaminifu huo, na anayepigana na matamshi ya kila neno hana nguvu iliyobaki ya kuelewa. Soma kimya, matamshi yana saa yake.

Limebaki lile la tafsiri ya simu, kwamba siku hizi hakuna haja ya kujisumbua. Tafsiri hiyo itakupa habari, haitakupa uwezo wa kusoma, kwa sababu jicho lako limeangalia Kifaransa tu. Itumie baada ya kusoma mara mbili, kwa aya moja iliyobaki na utata. Karatasi ya dawa au mkataba wa usafirishaji ni jambo jingine: hapo tafsiri tangu mstari wa kwanza, kisha umwonyeshe na mtu anayejua.