Kukimbia Kupita Ulivyoandika

Jamaa zangu wa gereji za Gerezani, Dar es Salaam, wakinipigia, swali ni lilelile: gari linakwenda ngapi sasa? Nawajibu sekunde 10.90 kwa mita 402. Kimya. Halafu mmoja anauliza kama huku Ohio hakuna magari makali zaidi. Yapo! Ya Top Fuel, daraja la magari makali kuliko yote ya mbio hizi fupi, yanayochoma mafuta ya nitromethane, yanamaliza mita 305 chini ya sekunde 4. Mimi nakula kwenye mbio za breketi (bracket), magari mawili kwenye njia iliyonyooka, na huko kasi tupu haikulishi.

Kila dereva anaandika kiooni muda atakaotumia. Mimi nikiandika 10.90 na mwenzangu 12.40, yeye anaondoka sekunde 1.50 kabla yangu. Hesabu zikikaa sawa tunafika pamoja. Ila ukipiga 10.89, yaani ukiwahi kuliko ulivyoandika, umekwisha, labda mwenzako aharibu zaidi yako.

Basi kazi ni kulijua gari. Daftari langu lina grisi kila ukurasa: joto, unyevu, mgandamizo wa hewa, upepo wa tairi. Injini ni jiko la mkaa, inataka hewa. Asubuhi ya baridi hewa ni nzito, gari linaruka. Saa nane mchana, jua kali, gari hilohilo linapiga 11.02 na sijagusa hata plagi.

Tairi za nyuma ni vipara, hazina kashata hata moja. Trafiki wa nyumbani angenishusha palepale. Najaza upepo 14 tu, nazizungusha kwenye maji mpaka zitoe moshi mweupe, zipate joto na kunata. Zikiteleza mita 18 za mwanzo, hakuna injini itakayokuokoa.

Taa za njano za kuanzia mbio ni tatu, zinapishana nusu sekunde, kisha kijani. Anayesubiri kijani kachelewa. Mimi naachia kitufe kinachozuia gari ile njano ya tatu inapowaka. Nikiwahi mno, nyekundu, narudi kupakia gari kwenye trela.

Msimu uliopita, nusu fainali, niliandika 10.97 kwa jua lililokuwepo. Tukiwa foleni likaja wingu, nikasikia ubaridi shingoni. Nilikuwa nimeshafunga mikanda, nikaona uvivu kumwita mtu afute kioo. Nikapiga 10.93. Taa ya ushindi ikawaka upande wa pili, na mwanangu pale uzioni bado anarukaruka, maana aliona gari letu ndilo lililotangulia mstarini.